Fundi Asiyetoa Ufunguo Mpaka Sindano Ipande

Saa moja na dakika kumi asubuhi. Delmar Haskett ameinama juu ya injini ya gari jekundu la spoti, tochi ndogo ameibana kwa meno. Boneti la gari hili hufunguka kuelekea mbele, kwa hiyo fundi anaifikia injini kutoka ubavuni, mkono mmoja umeshikilia fenda.

Kwenye kiti cha dereva amekaa Marvella Kitts, mwenye gari, miaka sabini na mitatu. Amevaa miwani ya jua ndani ya gereji.

"Kanyaga," anasema Delmar baada ya kutoa tochi mdomoni.

"Nimekanyaga."

"Hapo umeigusa tu, Bi Marvella. Kanyaga mafuta mpaka sakafuni."

"Nimelea watoto watatu nikiwakataza kufanya hivyo."

"Injini imezimwa, na humu hakuna askari."

Marvella anakanyaga mpaka mwisho. Delmar anachungulia ndani ya throto, kile kipande cha juu ya injini kinachofunguka na kujifunga kupitisha hewa. Anataka kuona visahani vyake vimesimama wima kabisa. Vimesimama.

"Haya, achia. Polepole, usiachie kwa hasira."

"Hasira nitakuwa nayo ikifika saa tatu nikiwa bado hapa," anajibu Marvella.

Saa tatu ndiyo saa ya kuondoka. Magari kumi na manne ya aina moja yatakutana mbele ya mgahawa ulio kando ya barabara kuu, hapa mjini Marion, jimbo la Indiana, yaongozane kwenda Bowling Green, Kentucky. Ni maili mia mbili na tisini. Wenye Corvette, aina ya gari hili, hukusanyika kule kila mwaka, na Marvella hajakwenda tangu miaka mitatu iliyopita. Mara ya kwanza alikuwa amefanyiwa upasuaji wa goti. Mara mbili zilizofuata, gari lilikuwa limekufa.

Gari lenyewe ni la mwaka 1982. Mwaka ule Corvette zote zilitoka kiwandani na gia otomatiki, jambo ambalo wapenzi wengi wa mwendo walilinung'unikia na ambalo Marvella analishukuru mpaka leo, kwa sababu ya goti la kushoto. Alilinunua mwaka 1991 likiwa limetumika, kwa akiba yake mwenyewe. Kwa miaka thelathini na moja alisambaza barua mashambani, akiendesha amekaa kiti cha kulia, cha abiria, kwa kuwa usukani wa Marekani uko kushoto, ili mkono ufike kwenye masanduku ya barua.

"Siku nzima mguu wa kushoto unakanyaga, mkono wa kushoto unashika usukani, wa kulia unatupa barua," anasimulia. "Nikasema nikipata langu, nitakaa kiti cha dereva kama binadamu, na gia zijibadilishe zenyewe."

Throto iliyo juu ya injini haikutoka na gari. Mfumo wa zamani wa mafuta ulichoka, vipuri vyake vikaadimika, na Marvella akaagiza throto mpya kutoka kwenye katalogi. Inang'aa kama sufuria ambayo haijawahi kuona moto. Fundi wa mji mwingine aliifunga miaka miwili iliyopita, injini ikanguruma vizuri, Marvella akalipa na kuondoka akiimba.

Maili arobaini baadaye, akitoka kwa dada yake, gia ya tatu ikaanza kuteleza. Injini inapiga kelele, gari haliendi. Halafu ikaja harufu.

"Kama mkate uliosahauliwa kwenye jiko," anasema Marvella. "Nikajua hapo nimepoteza kitu."

Tatizo halikuwa kwenye injini. Kwenye magari ya zamani ya otomatiki kama hili, kuna kebo nyembamba inayotoka kwenye mkono wa throto na kushuka mpaka ndani ya giaboksi. Dereva akikanyaga mafuta, kebo inavutwa, na giaboksi inapandisha presha ya mafuta yake ili sahani za ndani zibanane barabara. Kebo ikivutwa pungufu, sahani zinateleza. Zikiteleza, zinaungua. Yule fundi hakujua kebo ile ni ya nini. Aliifunga kwa kamba ya plastiki ili isining'inie.

"Watu wananunua throto kwa sababu inapendeza," anasema Delmar. "Kebo hainunuliwi na mtu. Haina hata picha kwenye katalogi."

Delmar, miaka sitini na miwili, ni mtu mrefu mwenye sauti ya chini na kofia ambayo mkewe ameacha kuomba aifue. Gereji yake iko nyuma ya nyumba, nafasi ya magari mawili, paa fupi. Karibu nusu ya kazi yake sasa ni hiyo kebo. Anakata vipande vidogo vya chuma, kila kimoja kimetobolewa matundu mawili au matatu, vinavyofungwa kwenye mkono wa throto mpya ili kebo ya zamani ivutwe kwa urefu unaotakiwa. Huuza kimoja dola arobaini na tano, kimeshafungwa na kupimwa. Giaboksi ikiungua, kuifufua ni zaidi ya dola elfu mbili na mia tano.

Magari humjia kutoka kaunti za jirani na hata kutoka Ohio. Kwa mwaka gereji humwingizia kama dola elfu thelathini na nne, chini ya alichokuwa akipata kiwandani. Mshahara wa mkewe Twyla, mpishi wa shule ya msingi, ndio unaobeba bima ya afya.

Kiwandani alifanya kazi miaka kumi na tisa. Kilikuwa kiwanda cha giaboksi, na kazi yake ilikuwa mwisho kabisa wa mstari wa kuunganishia: kupima presha ya kila giaboksi kabla haijapakiwa. Mashine ilishika kebo, ikaivuta, naye akaangalia sindano. Anakadiria alipima zaidi ya laki nne. Mwaka 2009 kiwanda kikafungwa. Delmar akarudi nyumbani na sanduku la spana na geji moja ya presha ambayo msimamizi alimwambia aichukue tu.

Mtu angedhani fundi wa namna hiyo asingekosea kuhusu kebo. Alikosea, tena vibaya.

Mteja wake wa pili alikuwa kinyozi mmoja wa hapa mjini, Gaylen Pruitt, aliyekuwa na Camaro ya otomatiki ya mwaka 1984. Alitaka kabureta mpya. Delmar aliifunga kwa ustadi, akasafisha injini mpaka ikawa ya kupigwa picha. Kebo ya giaboksi akaichomeka kwenye tundu lililokuwa karibu.

Gaylen aliendesha maili kumi na moja. Gari likarudi limevutwa.

"Nilisimama pale uani nikaona aibu inanipanda kutoka miguuni," anasema Delmar. "Miaka kumi na tisa nimepima giaboksi. Lakini kule zilikuwa mezani, peke yake, hazina gari. Kebo ilikuwa inavutwa na mashine. Sikuwahi hata siku moja kujiuliza upande wa pili wa kebo umeshikwa na nini."

Gaylen hakufoka. Alisema maneno machache tu: "Umeivunja wewe, utaitengeneza wewe, na mimi nitakaa hapa nikitazama."

Akatimiza. Jumamosi tano mfululizo kinyozi yule alifunga duka saa sita mchana, akaja kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono ameikunja, akimtazama Delmar akifungua giaboksi aliyoilipia vipuri mwenyewe. Jumamosi ya kwanza hawakuzungumza. Ya pili Gaylen aliuliza sahani ile ni ya gia gani. Ya tatu Twyla akaleta chakula, na haikuwezekana tena kunyamaza mbele ya nyama ya nguruwe iliyokaangwa, pana kuliko mkate wake.

"Jumamosi ya tano ndiye aliyekuwa anaivuta kebo, mimi nasoma geji," anasema Delmar. "Sindano ilipopanda alinipa mkono. Mpaka leo ananinyoa yeye. Nalipa bei ya kawaida, asije akafikiri nadai urafiki."

Tangu siku hiyo ana sheria moja. Ufunguo wa gari la otomatiki lenye throto mpya hukaa kwenye mfuko wa shati lake mpaka presha ipimwe. Hajali nani anasubiri.

Asubuhi hii anayesubiri ni Marvella, na muda unakwenda. Delmar alifufua giaboksi yake wakati wa baridi, lakini kipuri cha mwisho kilifika Jumatano. Jana jioni alimaliza kufunga throto na kile kipande chake cha chuma. Kilichobaki ni kupima.

Saa moja na nusu aliingia chini ya gari, akalala kwenye sakafu ya saruji na kuunga bomba la geji kwenye giaboksi. Akaibandika geji kwenye kioo cha mbele kwa utepe, ili Marvella aisome. Injini ikawashwa. Mngurumo wake ulitikisa makopo kwenye rafu.

"Inasema ngapi?" aliuliza Delmar, akiwa amerudi kwenye boneti.

"Sitini."

"Vizuri. Sasa naivuta mpaka mwisho."

"Mia na hamsini. Na tano."

"Safi. Sasa nafungua kidogo sana, kama mtu anayetoka kwenye taa za barabarani taratibu. Inasemaje?"

"Sitini."

"Angalia tena."

"Delmar, nimesoma anwani zilizoandikwa na walevi kwa miaka thelathini na moja. Sitini naijua. Ni sitini."

Delmar alifungua kidogo zaidi. Bado sitini. Akafungua zaidi, na ghafla sindano ikaruka kwenye mia. Alirudia mara tatu, ikawa vilevile. Akaja dirishani, akanyoosha mkono ndani, akazima injini na kuuweka ufunguo mfukoni.

"Huendi saa tatu," alisema.

Marvella alivua miwani. "Umesema mwanzo na mwisho viko sawa."

"Viko sawa. Katikati hapako sawa. Presha inachelewa. Ukienda mwendo wa kawaida, mguu mwepesi, maili mia mbili na tisini, sahani zitakuwa zinateleza kidogo kidogo njia nzima. Hutasikia kitu mpaka Louisville, ukishapita nusu ya njia."

"Na umejua lini?"

"Sasa hivi. Kosa ni langu, Bi Marvella. Throto za aina hii nimefunga kumi na moja, nina kadi yenye vipimo vyake. Hii ya kumi na mbili sikupima, nilikata chuma kwa kufuata kadi. Kumbe wamebadilisha mkono wake, ni mfupi kidogo. Nilipaswa kupima."

Marvella alipandisha kioo mpaka juu, akabaki ndani ya gari, mikono kwenye usukani. Delmar alimwangalia kwa muda, kisha akaenda kwenye meza yake.

Alichofanya baada ya hapo hakina maajabu ya kutazama. Alikata umbo kwenye kipande cha boksi, akalishikiza kwenye mkono wa throto kwa pini, akapima kwa rula, akalirekebisha kwa mkasi. Akalichora juu ya bati la chuma. Akalibana kwenye jiliwa na kuanza kukata kwa msumeno. Kelele ya chuma ikajaa gereji.

Saa tatu kasoro dakika tano simu ya Marvella ililia. Ilikuwa ni kiongozi wa msafara. Kupitia kioo alionekana akisikiliza, akitikisa kichwa.

"Nendeni," alisema kwa sauti iliyosikika mpaka nje. "Hapana, msinisubiri. Gari halijawa tayari na fundi wangu ni mkaidi."

Twyla alitoka nyumbani na kahawa. Ijumaa hii shule imefungwa, kwa hiyo alikuwa bado na ndara. Aligonga kioo cha gari.

"Toka humo, dada. Kuna skonzi na mchuzi mezani."

"Mumeo kanichelewesha safari, Twyla."

"Najua. Harusini kwetu alichelewa dakika arobaini, alikuwa anatengeneza gari la mchungaji. Nilimsamehe baada ya kula. Toka ule."

Marvella alitoka. Alikula skonzi mbili, ya tatu akaja nayo gereji mkononi, akasimama nyuma ya Delmar.

"Tundu moja lina ugumu gani?" aliuliza.

Delmar alimwonyesha. Tundu la kushikia kebo likikaa karibu mno na mhimili, kebo inavutwa kidogo. Likikaa mbali mno, inavutwa sana na gia zinaingia kwa kishindo. Kati ya hapo na hapo kuna nafasi isiyozidi unene wa njiti mbili za kiberiti. Na pembe nayo ina neno lake.

"Yaani miaka miwili ya gari langu imelala kwenye njiti mbili za kiberiti."

"Ndiyo hivyo."

Kipande kipya kilifungwa saa nne na nusu. Marvella akarudi kwenye kiti chake cha kusoma namba bila kuombwa. Safari hii sindano ilipanda mapema kupita kiasi. Mguso mdogo tu ikafika tisini.

"Si bora hivi kuliko ile?" aliuliza. "Angalau haichelewi."

"Haitaungua, lakini kila gia itakupiga teke la mgongo. Ukifika Kentucky utakuwa umenichukia upya."

Akatoa kipande, akatoboa tundu jingine, akalisafisha kwa tupa. Hakuharakisha. Marvella alitazama saa mara mbili, kisha akaivua na kuitia kwenye mkoba.

Saa tano na robo injini iliwashwa kwa mara ya tatu. Delmar alivuta throto kwa kidole kimoja.

"Sitini," alisema Marvella. "Sitini na mbili. Sitini na tano. Sabini. Inapanda, Delmar. Inapanda kama lifti."

"Endelea kusoma."

"Themanini na tano. Mia na kumi. Mia na hamsini na tano."

Delmar aliachia, sindano ikashuka taratibu mpaka sitini. Akarudia mara sita. Kisha akaingia tena chini ya gari kuondoa bomba la geji, na alipotoka ilibidi ashike bampa ili asimame, Twyla akimshika kiwiko.

Waliendesha maili nane mpaka kwenye maghala ya mahindi na kurudi, Marvella kwenye usukani, Delmar pembeni amefumba macho akisikiliza. Gia ya kwanza kwenda ya pili ilipita kimya. Ya tatu, kimya. Ya nne Delmar aliigundua tu kwa kuwa injini ilipunguza sauti. Uani alizima injini, akaurudisha ufunguo mfukoni, akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, akayapangusa kwenye karatasi nyeupe. Yalikuwa mekundu, safi. Akayanusa, akampa Marvella naye anuse.

Ndipo alipotia mkono kwenye mfuko wa shati na kumpa ufunguo.

"Unanidai ngapi?" aliuliza Marvella.

"Cha kosa langu silipwi. Nenda."

"Nilisema vibaya juu yako kwenye simu."

"Ulisema mkaidi. Twyla husema makubwa zaidi ya hayo."

Aliondoka saa sita na dakika ishirini, peke yake, Twyla amemfungia pai ya malai kwenye karatasi. Delmar alisimama barabarani mpaka sauti ya gari ilipopotea kwenye mashamba, akabaki amesimama kidogo hata baada ya hapo. Mchana huo alibadilisha breki za gari la jirani, na mara tatu akaenda kuangalia simu kama ina chaji.

Simu ililia saa kumi na moja na nusu. Twyla aliiweka mezani, sauti ikiwa wazi.

"Nimefika," alisema Marvella. "Na huku saa yao iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo nimechelewa kidogo tu. Nimewakuta bado wako mapokezi ya hoteli wanagombania vyumba vya chini. Walisimama kula mara mbili, wazembe hao."

"Umenusa mafuta?" aliuliza Delmar.

"Nimenusa."

"Yanasemaje?"

"Yananuka mafuta, Delmar. Kama yangekuwa yameungua ningekupigia kwa sauti nyingine kabisa. Halafu kuna wanaume watatu hapa wameinama kwenye injini yangu wanakiangalia kile kipande chako. Mmoja ametoka Tennessee. Anauliza unapatikana wapi."

"Mwambie asiendeshe gari lake mpaka alete vipimo."

"Nimeshamwambia," alisema Marvella.

Delmar aliporudi gereji alifungua boksi la kadi zake, akaandika mpya: aina ya throto, urefu wa mkono, mahali pa tundu. Juu yake aliandika kwa herufi kubwa: PIMA HATA KAMA UNAIJUA. Sasa kadi zake zimefika hamsini na tatu.

Akiulizwa anachotaka baada ya hapa, hazungumzii gereji kubwa wala jina. Anaonyesha juu. Nyuma ya nyumba, chini ya turubai, kuna mashine ya kunyanyulia magari aliyoinunua ikiwa imetumika mwezi Oktoba, kutoka gereji moja ya Fort Wayne iliyofungwa. Imelala vipandevipande, kwa sababu paa lake ni fupi kwa futi mbili. Jumamosi ya pili ya Mei, majirani na watu wa kanisani wameahidi kuja na nyundo zao kulinyanyua paa lile kwa siku moja. Twyla ameshahesabu watu kumi na sita wa kulishwa, na anasema viazi tu ni kilo kumi na mbili.

Delmar amechora mstari wa chaki ukutani kuonyesha tumbo la gari litakapofika likishanyanyuliwa. Mstari umepita juu kidogo ya kofia yake. Anasimama chini yake, anainua uso, anautazama.

"Magoti yangu yameshasema basi," anasema. "Tangu nifungue gereji hii nimeyaona magari nikiwa nimelala kwenye saruji. Mei hii nataka kuliona moja nikiwa nimesimama, na kikombe cha kahawa mkononi."

"Lipi?" anauliza Twyla kutoka mlangoni.

"Lolote," anasema Delmar. "Litakalotangulia kuja."